Kabla ya Kupanda Ukoka: Falsafa ya Kupanga Bustani kwa Mkazi wa Kusini

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Mtwara mjini, kuanzia Shangani hadi njia ya Mikindani, humaliziwa nje kwa mpangilio unaofanana: ukuta wa matofali, geti la chuma, njia ya gari iliyotandikwa vitofali vya saruji, na kipande cha ukoka kilichozungushiwa maua yaliyokatwa mstari. Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini amechagua hivyo, mara nyingi atakujibu kwamba ndivyo bustani inavyopaswa kuwa. Jibu hilo linaeleweka, maana bustani ya aina hiyo tumeiona kwenye ofisi za serikali, kwenye hoteli na kwenye simu zetu. Lakini linafunika swali ambalo wabunifu wa bustani wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka elfu mbili, nalo ni kwamba bustani ni kitu gani hasa, na ipo kwa ajili ya nini. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba bustani zinazosifiwa zaidi duniani zilizaliwa na shida za mahali zilipo, na kwamba mkazi wa Mtwara au Lindi anayetaka bustani njema hana budi kuanza na shida za hapa: jua la alasiri, upepo wa kusi, mchanga usioshika maji na kiangazi kirefu.

Kupanga bustani ni kuamua nini kiingie ndani ya mpaka na nini kibaki nje, na pia ni kuamua binadamu awe na mamlaka kiasi gani juu ya mmea, maji na udongo. Maamuzi hayo hayawezi kufanywa bila imani fulani kuhusu nafasi ya mtu duniani, hata kama mwenye nyumba hajawahi kuitamka. Ndiyo maana mtu akisoma historia ya bustani anajikuta anasoma pia historia ya dini, ya utawala na ya njaa.

Uajemi, Pepo na Kilwa

Uajemi ndiko shida na uzuri vinakoonekana kushikana waziwazi zaidi. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo, Mfalme Cyrus, yule ambaye wasomaji wa Biblia wanamfahamu kwa jina la Koreshi, alijenga makao yake Pasargadae, na mabaki ya mifereji ya mawe iliyopita katika bustani yake yanaonekana hadi leo. Nchi ile ina mvua chache, vumbi na jua kali. Kwa karne nyingi Waajemi walichimba mahandaki marefu chini ya ardhi kutoka miguuni mwa milima, ili maji yafike mijini na mashambani bila kukaushwa na jua njiani, na kwa hiyo kila lita iliyofika ilikuwa imegharimu jasho. Hali hiyo ikazaa mpango ambao baadaye ulienea kutoka India hadi Hispania: ukuta mrefu unaozuia vumbi na macho ya wapita njia, ndani yake mifereji myembamba inayokatana na kuigawa ardhi sehemu nne, na miti ya matunda na ya kivuli iliyopandwa kuifuata mifereji hiyo. Mwaka 2011 UNESCO iliziingiza bustani tisa za Iran katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mpango huo ndio unaoziunganisha.

Ukiutazama mpango huo kama pambo, utaona mistari na pembe tu. Ukiutazama kama jibu la mahali, utaona kwamba kila kitu kina kazi. Mfereji ni mwembamba kwa sababu maji ni machache, na maji yaliyotandazwa kwenye uso mpana hupotea hewani upesi. Maji yanatembea kwa sababu maji yanayotembea yana sauti, na sauti hiyo humburudisha mtu hata pale ambapo maji yenyewe hayatoshi kuipoza hewa. Miti imeufuata mfereji kwa kuwa huko ndiko mizizi ilikoweza kupata unyevu. Uislamu ulipofika Uajemi katika karne ya 7 uliikuta bustani ya namna hii tayari, na maelezo ya Pepo katika Qurani, hasa ile aya ya Sura Muhammad inayotaja mito ya maji, ya maziwa, ya mvinyo na ya asali, yakaupa mgawanyo wa sehemu nne maana ambayo ukame peke yake usingeweza kuupa. Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote: umbo lilitangulia kwa kulazimishwa na ardhi, maana ikafuata, na maana hiyo ikalifanya umbo lidumu hata mahali ambapo maji hayakuwa haba, kama pale Taj Mahal, kaburi la kifalme lililoko India, kando ya mto Yamuna. Katika kasri la Alhambra, Hispania, ua uliojengwa katika nusu ya pili ya karne ya 14 una mifereji minne inayokutana kwenye chemchemi iliyobebwa na simba kumi na wawili wa mawe, na maji yanayotumika pale ni kidogo mno ukilinganisha na utulivu yanaouleta.

Msomaji wa Kusini asidhani kwamba habari hizo ni za mbali. Mapema katika karne ya 14, kabla ua huo wa simba haujajengwa, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya mwamba unaotazama bahari katika kisiwa cha Kilwa, ambacho leo kiko katika Mkoa wa Lindi. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa utawala wa sultani huyo. Kati ya mabaki ya kasri hilo lipo bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe, likiwa ndani ya ua wake lenyewe. Anayesimama ukingoni mwake leo, huku bahari iko hatua chache tu upande wa pili wa kuta, anaona kwamba mjenzi alifanya uamuzi wa kibustani: maji ya bahari yasiyo na mwisho yabaki nje, na maji machache matamu yakusanywe ndani, yapewe umbo lenye hesabu, yakaliwe karibu. Kilwa ilifanya biashara na Uajemi, Uarabuni na India, na fikra za ujenzi zilisafiri pamoja na bidhaa. Hata hivyo jiwe lililotumika ni la hapa, na mwamba uliochaguliwa ni wa hapa.

Mfalme, kondoo na ukoka

Ulaya ilitoa majibu mawili yanayopingana. La kwanza ni la Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1660 Mfalme Louis XIV alimkabidhi André Le Nôtre kazi ya kuipanga bustani ya Versailles, naye akaichora ardhi kwa mistari mirefu iliyonyooka, inayoanzia kwenye kasri na kwenda hadi upeo wa macho, huku miti ikikatwa kuwa kuta. Mfereji wake mkuu una urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Ujumbe wake hauhitaji mkalimani: aliye kwenye dirisha la katikati ndiye anayeitawala nchi, na mimea nayo inatii. Ila maji hayakutii. Chemchemi zilikuwa nyingi kuliko maji ya kuzilisha, hata watumishi wakawa wanapeana ishara kwa filimbi ili wafungulie zile ambazo mfalme anazikaribia na kufunga zile alizokwisha kuzipita. Katika miaka ya 1680 ilijengwa, huko Marly karibu na Versailles, mashine yenye magurudumu makubwa 14 ya kusukuma maji ya mto Seine kuyapandisha mlimani, na bado hayakutosha.

Jibu la pili ni la Uingereza ya karne ya 18, na hili linatuhusu zaidi kwa sababu ndilo lililotuachia ukoka. Wabunifu kama Lancelot Brown, aliyeishi kati ya 1716 na 1783, waliifuta mistari iliyonyooka. Walichimba maziwa yaliyopinda ili yaonekane ya asili, wakapanda miti kwa makundi, na wakaliacha jani la kijani lifike hadi ukutani pa nyumba. Badala ya kujenga uzio, walichimba handaki lisiloonekana kwa mbali, ambalo liliwazuia kondoo wasifike nyumbani huku mwenye shamba akiona ardhi isiyo na mpaka. Falsafa yao ilidai kuheshimu asili, na kwa sehemu iliiheshimu kweli, lakini ilikuwa na gharama ambazo picha hazionyeshi: mahali kama Milton Abbas, kijiji kizima kiliondolewa mbele ya jumba la bwana na kujengwa upya kando, ili mandhari yabaki safi.

Uwanja ule wa majani haukuwa anasa ya kumwagilia. Uingereza hunyeshewa mvua kila mwezi wa mwaka, jani linaota lenyewe, na kondoo wanalikata kwa midomo yao. Ni mtoto halali wa hali ya hewa ile. Ulipoletwa kwetu na ofisi za kikoloni, ulihamishwa kutoka nchi ya mvua za miezi kumi na miwili na kuwekwa katika nchi ya msimu mmoja, ambako mvua huanza karibu na Novemba au Desemba, hukoma karibu na Mei, na baada ya hapo anga hukauka hadi Oktoba. Hesabu yake si ngumu. Ukoka uliostawi chini ya jua la pwani hupoteza maji ya takribani milimita nne kwa siku wakati wa kiangazi, na milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja. Kipande cha mita 10 kwa 10 kinadai basi lita 400 kila siku, yaani madumu 20 ya lita 20, na kwa miezi mitano ya kuanzia Juni hadi Oktoba kinadai lita zipatazo 60,000. Kwenye mchanga wa pwani kinadai zaidi, kwa kuwa sehemu ya maji hushuka chini kabla mizizi haijayanywa. Katika mji ambao watu bado wananunua maji kwa dumu, na kwa jirani wa Newala anayejua jinsi maji yalivyo adimu juu ya uwanda wa Makonde, hesabu hiyo ina uzito wa kimaadili pia.

Kusini ina kumbukumbu yake kubwa ya kilichotokea pale mpango ulipowekwa juu ya ardhi bila kuihoji ardhi. Mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947 na kusitishwa mwaka 1951, uliichagua Nachingwea kuwa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matingatinga na ramani vilitangulia. Maswali kuhusu udongo na mvua yakaja baadaye, na kule Kongwa udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Nafasi kubwa zilizo wazi kati ya mitaa ya Mtwara, zinazomshangaza mgeni hadi leo, ni alama ya mji uliopangwa kuwa mkubwa kwa ajili ya bandari ya mradi huo. Shamba la karanga si bustani, lakini kosa la fikra ni moja, na linaweza kufanyika katika eneo la ukubwa wa ua mmoja.

Bustani si picha

Mwanafalsafa Immanuel Kant, alipozigawa sanaa katika maandishi yake ya mwaka 1790, aliiweka sanaa ya kupanga bustani chini ya uchoraji. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa mtu aliyezijua bustani za Ulaya za wakati wake, ambazo zilipangwa zitazamwe. Nadhani hata hivyo kwamba umetuachia mzigo. Anayeamini kwamba bustani ni picha atapanga rangi, ataweka maua mbele na kijani nyuma, atapiga picha siku ya kwanza, kisha atarudi ndani kwenye feni, kwa sababu hapo nje hapakaliki. Bustani ya mahali pa joto inapimwa kwa ngozi kwanza, halafu kwa pua na masikio, na macho yanakuja baadaye.

Wajapani walilifahamu jambo hili kwa njia yao, ingawa bustani zao maarufu zinaonekana kama picha kuliko zote. Kitabu chao cha zamani kabisa cha kupanga bustani, cha karne ya 11, kinamtaka mpangaji alifuate jiwe linavyotaka, yaani auangalie uzito, umbo na uelekeo wa jiwe kabla ya kuamua lisimame wapi. Katika hekalu la Ryoan-ji mjini Kyoto ipo bustani ya changarawe tupu yenye mawe 15, yaliyopangwa kwa namna ambayo mtu aliyekaa barazani hawezi kuyaona yote kwa pamoja. Popote akae, jiwe moja linajificha. Changarawe hupitishiwa reki ikachorwa mistari, na kazi hiyo ya kuchora ni sehemu ya ibada ya watawa. Mtazamaji anakumbushwa kwa mwili wake kwamba ulimwengu haumalizwi kwa jicho moja.

Sasa tutazame ua wa nyumba ya kawaida ya Mikindani au Lindi mjini, ule ambao hauitwi bustani na mtu yeyote. Asubuhi na mapema mama au binti wa nyumba anainama na ufagio wa chelewa na kuufagia mchanga wote, kutoka mlangoni hadi uzioni, akirudi kinyumenyume ili asiache nyayo. Anapomaliza, mchanga una mistari ya mapinde yanayofuatana, majani yaliyoanguka yamekusanywa chini ya mnazi, na uwanja mzima uko wazi. Uwazi huo una sababu zake: nyoka haonekani kwenye majani lakini huonekana kwenye mchanga, mbu hawana pa kujificha, na nyayo za mgeni aliyepita usiku zinasomeka. Nyuma ya bafu kuna migomba, na haikuoteshwa pale kwa bahati; maji ya kuoga yanatiririka hadi kwenye shina lake, na mgomba, mnywaji mkubwa wa maji, unastawi katikati ya kiangazi bila kuongezewa hata kata moja. Karibu na mlango wa jikoni kuna mdimu, mrehani na mchaichai, mahali ambapo mpishi anavifikia kwa mkono. Mbele, chini ya mwembe, kuna baraza la watu wa nje. Nyuma, ndani ya uzio wa makuti au wa mnyaa, kuna ua wa watu wa nyumbani. Mpaka kati ya mgeni na mwenyeji umechorwa kwa kivuli na mimea.

Mpango huo una kila sifa ambayo wanafalsafa wa bustani wanaitafuta: umetokana na mahali, kila kitu chake kina kazi, na uzuri wake unafanywa upya kila siku. Inasikitisha kwamba ndio unaovunjwa kwanza mtu anapopata fedha za kujenga, na migomba hung'olewa kwa kuonekana ya kishamba. Mpangaji mwenye akili angeuanza mradi wake kwa kukaa uani kwa bibi yake na kuuchora jinsi ulivyo.

Kivuli, upepo na harufu

Mtwara na Lindi ziko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na jambo hilo lina matokeo ambayo mpangaji anapaswa kuyajua. Mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia kusini. Mwezi Desemba liko kidogo upande wa kusini. Karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 22 Februari, linapita utosini kabisa, na mti unasimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Jua linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni la alasiri, kuanzia saa tisa hadi jioni, kwa sababu linakuja limelala na kuingia hadi ndani ya vyumba wakati kuta zimekwisha kupata moto. Mti mmoja mkubwa upande wa magharibi wa nyumba una faida kuliko miti mitatu upande wa mashariki.

Vivuli navyo havifanani, na kuvichagua ni sanaa yenyewe. Mwembe hutoa kivuli kizito chenye ubaridi, lakini chini yake haioti kitu, hivyo unafaa pale panapokaliwa. Mkwaju una majani madogo yanayochuja mwanga, na mimea mingine huishi chini yake kwa raha. Mkungu hutandaza matawi yake kwa ghorofa, moja juu ya jingine. Mnazi hutoa kivuli chembamba kinachohama mchana kutwa, nao usipandwe juu ya benchi wala paa, kwa sababu inayojulikana na kila mtu wa pwani. Mbuyu ni mti wa fahari, lakini hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo hukunyima kivuli miezi ile ile unayokihitaji. Mahali pake ni pa kutazamwa kwa mbali.

Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, na karibu na ufuko hubeba chumvi inayounguza majani machanga. Wengi hujenga ukuta mzima kuuzuia, wakashangaa kwamba nyuma ya ukuta vumbi linazunguka. Upepo ukikutana na ukuta uliozibwa hupanda juu yake na kuanguka upande wa pili kwa vurugu. Ukikutana na uzio unaopitisha karibu nusu ya upepo hupungua kasi kwa utulivu, na faida yake hufika umbali wa takribani mara kumi ya kimo cha uzio. Mstari wa mivinje ufukweni, au uzio wa mchongoma wenye kimo cha mita tatu, unaweza kulinda ardhi ya mita 30 nyuma yake. Na pale Mikindani, penye nyumba zilizo mteremkoni juu ya ghuba, uzio unaweza kukatwa dirisha: Wajapani na Wachina wana utaratibu wa zamani wa kuazima mandhari, yaani kuupogoa mmea wa karibu ili mlima au maji ya mbali yawe sehemu ya bustani bila kumilikiwa. Mwenye nyumba ya Mikindani amejaliwa mikoko, maji tulivu na mashua zinazoingia, na ukuta wa futi nane unamnyang'anya vyote.

Kuhusu maji, paa la bati la mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita ya mvua, hivyo mvua moja nzito ya milimita 30 inakaribia kujaza tangi la lita 3,000. Kwa miche michanga, mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uliozikwa hadi shingoni karibu na shina na kujazwa maji, huyatoa kidogo kidogo kupitia vinyweleo vyake, nayo huenda moja kwa moja kwenye mizizi. Matandazo ya majani makavu au ya makumbi ya nazi hufanya kazi iliyobaki.

Harufu ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi na vitabu vya bustani vilivyoandikwa katika nchi za baridi. Mwanamke wa pwani hakupanda asumini, mrehani, mkadi na mlangilangi ili vitazamwe na wapita njia. Vilipandwa vichumwe, vifungwe kikuba, vitiwe kwenye nywele na kutandazwa kitandani siku ya harusi. Asumini hufungua maua yake jua likishatua, wakati ambapo rangi haionekani tena na watu wameketi barazani. Kwa hiyo mahali pake ni upande upepo unakotokea kuelekea penye viti, na mpangaji anayeijua kanuni hii ataupata uwepo wa bustani usiku kucha bila taa hata moja.

Mmea wa kwetu ni upi?

Wapo wanaosema kwamba suluhisho ni kupanda mimea ya asili tu. Jambo hilo lina ugumu wake. Mkorosho, ambao Kusini nzima inaishi kwa ajili yake, asili yake ni Brazili na uliletwa na Wareno. Mwembe na mwarobaini vilitoka Asia. Miti hiyo imekwisha kuwa ya kwetu kwa kuzoea udongo na kwa kuzoewa na watu, na sioni sababu ya kuifukuza. Lakini upande wa pili wa jambo una uzito zaidi. Mbunifu wa Brazili Roberto Burle Marx alikwenda Berlin mwaka 1928 akiwa kijana, na humo ndani ya vibanda vya vioo vya bustani ya mimea ya Dahlem akaiona mimea ya nchi yake ikitunzwa kama hazina, wakati nyumbani kwao ilihesabiwa kuwa magugu, na bustani za matajiri zilijazwa maua ya Ulaya. Aliporudi aliifanya mimea hiyo kuwa msingi wa kazi yake hadi alipofariki mwaka 1994.

Sisi tunao msandarusi, ambao utomvu wake uliuzwa ng'ambo kwa karne nyingi. Tunao mkadi, shubiri na mpingo, ambao vinyago vya Wamakonde vimeutangaza duniani kote na ambao ni nadra kuuona uani kwa mtu. Misitu ya pwani, kama ile ya uwanda wa Rondo mkoani Lindi, ina mimea isiyopatikana kwingine. Vitalu vya miche kando ya barabara vinauza zaidi maua ya kigeni kwa sababu ndiyo tunayoyaulizia.

Kupanga kwa ajili ya miaka

Bustani inatofautiana na sanaa nyingine zote kwa kuwa malighafi yake inakua, inazeeka na kufa. Mchoraji anamaliza, mpangaji wa bustani anaanzisha tu. Kwa hiyo mpango mzuri una tabaka za muda. Mpapai na mgomba hutoa kivuli ndani ya mwaka mmoja, na huondolewa miti ya kudumu inapoikaribia. Mwembe wa kubebeshwa huanza kuzaa katika miaka mitatu au minne, lakini hubaki mfupi. Mwembe wa mbegu huchelewa sana, kisha hupanuka ukafunika uwanja mzima wa mikutano. Mwenye eneo la kutosha apande wa kubebeshwa karibu na jiko kwa ajili yake, na wa mbegu kando ya njia kwa ajili ya mtaa. Mpingo hukua kwa miongo mingi, na anayeupanda leo anaupanda kwa ajili ya watu ambao hajawaona.

Miti iliyoko Versailles si ile aliyoipanda Le Nôtre. Imepandwa upya mara kadhaa, na dhoruba ya Desemba 1999 iliangusha maelfu mengine. Kilichodumu ni mpango, na vizazi vya watunzaji wanaoufahamu. Pwani yetu nayo iko katika njia ya dhoruba, kama ilivyoonekana Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta upepo na mafuriko Kilwa na maeneo mengine ya Lindi. Mwembe mkongwe ukianguka, baraza la chini yake huhama au hufa, kwa kuwa kivuli cha namna ile hakinunuliki. Mrithi wake apandwe wakati mkubwa bado unazaa, umbali wa mita 12 hivi, upande usiofunikwa na matawi, apaliliwe na kumwagiliwa kwa kiangazi cha kwanza na cha pili, na watoto wa nyumba waonyeshwe mti upi ni upi.